Umeme wa upepo ukichafuka: tafuta chanzo kabla hujanunua kifaa

Mitambo ya upepo iko mbali na Dar es Salaam. Hapa nchini kuna mitatu kule Mufindi, mkoani Iringa, yenye jumla ya megawati 2.4. Kwa jirani zetu Kenya kuna kituo cha Lake Turkana: mitambo 365 ya kilowati 850 kila mmoja, jumla megawati 310. Lakini fundi wa huko juu akishakwama, faili la vipimo linatumwa mjini kwa barua pepe, maana huku ndiko waliko wahandisi washauri, maabara za vyuo kama Mlimani na DIT, na wauzaji wa vifaa. Na mara nyingi faili linakuja na swali moja tu: tununue nini?

Swali hilo linakuja mapema mno. Umeme unaochafuka (volteji isiyotulia, taa zinazopepesa, mawimbi yaliyopinda) kwenye kituo cha upepo hutokana na mtambo na gridi kwa pamoja. Mtambo uleule unaopepesa taa za kijiji kizima ukiungwa kwenye laini ndefu ya kilovoti 33, ukiupeleka karibu na kituo kikubwa cha kupoza umeme cha kilovoti 220 hakuna atakayejua kama upo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye dalili na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Vifaa vinakuja mwishoni, na kwa ufupi.

Kwanza: gridi yenu ina nguvu kiasi gani?

Ulizia uwezo wa shoti mahali mnapoungia (ukubwa wa nguvu itakayomiminika hapo shoti ikitokea), kwa MVA, yaani megavolti-ampea, kisha ugawe kwa megawati za kituo. Ukipata 10 na zaidi, mengi ya humu chini hayatakusumbua. Ukipata chini ya 3, hiyo ndiyo wahandisi wanaiita gridi dhaifu, na kila jambo dogo litaonekana. Mtu akirukaruka ndani ya mtumbwi pale Kivukoni, mtumbwi mzima unayumba. Akirukaruka ndani ya pantoni ya Kigamboni hakuna anayegeuza shingo. Mrukaji ni yuleyule.

Kuna mtego hapa. Namba unayopewa na mshauri mara nyingi ni ile ya juu kabisa, kwa sababu ndiyo inayotumika kuchagua breka zitakazohimili shoti. Kwa ubora wa umeme unahitaji ile ya chini kabisa: laini moja ikiwa kwenye matengenezo, na jenereta kadhaa zikiwa zimezimwa usiku. Tofauti ya namba hizo mbili inaweza kuwa nusu kwa nusu, na nusu hiyo ndiyo itakayounguza kapasita zako, kama tutakavyoona.

Pima vizuri, au usipime

Kipimo kiwe cha daraja A (la usahihi wa juu) kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa IEC 61000-4-30, kifungwe mahali pa kuungia na gridi (si chini ya mnara mmoja), na kikae wiki nzima angalau. Wiki hiyo iwe na siku za upepo mkali na saa za upepo uliolala. Kama wiki nzima ilikuwa shwari, ongeza muda. Usiandike ripoti.

Faili likifika, kitu cha kwanza kutazama ni nguvu ya kila fezi. Fezi mbili zinaonyesha chanya na moja hasi? Hakuna ugonjwa hapo. Kibanio kimoja cha mkondo kimefungwa mshale ukitazama nyuma. Hili hutokea sana, na limewahi kuzaa kurasa nyingi za uchambuzi wa "kutolingana kwa fezi" ambako hakukuwepo. Cha pili ni saa. Saa ya kipimo, ya rilei (kifaa kinachoamuru breka ikate) na ya kompyuta inayosimamia mitambo zote zifuate GPS, la sivyo utatumia siku nzima kubishana kipi kilitangulia: volteji kuporomoka au mtambo kujitoa.

Cha tatu hakijulikani sana. Kwenye kilovoti 132 na kuendelea, transfoma za kupimia volteji mara nyingi ni za aina ya kapasita. Hizo ni nzuri kwa hezi 50 lakini kwa harmoniki (mawimbi ya ziada ambayo frikwensi yake ni mara kadhaa ya hezi 50; ya 5 ni hezi 250) hudanganya: nyingine hukuzwa, nyingine hupunguzwa. Ripoti ikikuambia harmoniki ya 11 ni kubwa ajabu kwenye kilovoti 132, uliza kwanza imepimwa kupitia nini.

Kisha linganisha chati na kalenda. Uchafu unaofuata upepo unatoka kwenu. Uchafu unaofuata watu unatoka kwenye gridi. Harmoniki ya 5, kwa mfano, hupanda jioni watu wanapowasha runinga, taa na chaja, mitambo ya upepo ikiwa inazunguka au imesimama. Uchafu wa viwandani nao hushuka Jumapili na sikukuu. Ukiwa na laini inayolisha eneo kama Chang'ombe au Barabara ya Nyerere, chati ya siku ya Idi itakuambia mambo ambayo mkutano wa saa tatu hautakuambia.

Dalili: volteji inapanda upepo ukiongezeka

Hii ndiyo malalamiko namba moja kwenye laini za usambazaji, na chanzo chake ni hesabu ya darasani. Chukua laini ya kilovoti 33 yenye urefu wa kilomita 20, ukinzani wa omu 0.3 na riaktansi (kizuizi kinachotokana na sumaku ya mkondo) ya omu 0.35 kwa kila kilomita. Ukinzani wote ni omu 6. Sukuma megawati 10 kupitia omu hizo: volteji upande wa mitambo inapanda kama volti 1,800, yaani karibu asilimia 5.5 juu ya upande wa pili. Usiku wa manane wateja wamelala, mzigo ni mdogo, upepo unavuma, na kila aliye karibu na kituo anapata umeme mkubwa.

Wengi mitambo yao imewekwa pawa fakta 1 (umeme wote unaopita unafanya kazi) kwa sababu mkataba ndivyo ulivyosema, au kwa sababu hakuna aliyegusa mpangilio wa kiwandani. Iambie mitambo imeze Mvar 3 za nguvu riaktivu (nguvu inayokwenda na kurudi bila kufanya kazi, lakini inasogeza volteji), na volteji inashuka asilimia 1.9, kwa hiyo mpando unabaki asilimia 3.6 hivi. Pawa fakta inakuwa 0.96, na upotevu kwenye laini unaongezeka kama asilimia 9. Hiyo ndiyo bei, na ni nafuu kuliko kifaa chochote utakachoagiza kupitia bandarini. Bora zaidi ni kuachana na pawa fakta isiyobadilika na kuiwekea mitambo udhibiti wa volteji wenye mteremko, ili imeze pale tu inapohitajika.

Ila ukishaweka udhibiti wa volteji, angalia usizalishe ugomvi. Transfoma kuu nayo ina tepu (swichi ya kuongeza au kupunguza mizunguko ya waya) inayojibadilisha yenyewe kulinda volteji hiyohiyo, na sasa una wakubwa wawili kwenye nyumba moja. Simu ya namna hii huwa inakuja usiku:

"Shikamoo Injinia."

"Marahaba. Tepu iko ngapi?"

"Ilikuwa saba, ikaenda tisa, sasa imerudi saba."

"Ndani ya muda gani?"

"Injinia, hata salamu hatujamaliza imeshabadilika tena."

Tepu moja hubadili volteji, tuseme, asilimia 1.25. Kama upana wote wa bendi uliyoiwekea (kiasi volteji inachoachwa kucheza kabla tepu haijasogea) ni asilimia 1, kila hatua inairusha ng'ambo ya pili ya bendi, na inaamua kurudi. Itacheza hivyo hadi swichi yake ya ndani iishe. Panua bendi izidi hatua moja kwa nafasi ya kutosha, kisha gawa kazi: mitambo ijibu ndani ya sekunde chache, tepu isubiri nusu dakika hadi dakika nzima. Mwenye haraka aanze, mzito amalizie.

Dalili: volteji inapanda upepo ukilala

Hii inawachanganya watu, kwa sababu mitambo imesimama na hakuna megawati hata moja. Chanzo ni kebo. Kebo ya ardhini ya kilovoti 33 huzalisha yenyewe nguvu riaktivu ya takriban kVar 80 hadi 90 kwa kilomita, kutegemea unene wake. Kituo chenye kilomita 30 za kebo kati ya minara kinamwaga kama Mvar 2.5 kwenye gridi bila kupenda. Kwenye laini ndefu za msongo mkubwa hali ni nzito zaidi: laini ya kilovoti 400 hutoa zaidi ya nusu Mvar kwa kilomita, na ile inayotoka Lake Turkana hadi Suswa ina zaidi ya kilomita 400. Piga hesabu mwenyewe. Ndiyo maana laini za namna hiyo hazijengwi bila riakta (koili kubwa) za kumeza ziada.

Kabla hujaagiza riakta kwa ajili ya kituo kidogo, soma kitabu cha mtambo. Mitambo mingi yenye konveta kamili (kifaa cha kielektroniki kinachopitisha umeme wote wa mtambo kabla haujaingia kwenye gridi) inaweza kumeza nguvu riaktivu hata mapanga yakiwa yamesimama, ilmradi uwezo huo umelipiwa na umewashwa.

Dalili: taa zinapepesa

Asiyejua kupepesa kwa taa aende Gerezani mchana, asimame dukani jirani na fundi anayechomelea mageti. Kila elektrodi inapogusa chuma, taa ya dukani inashtuka. Mkondo mkubwa unaokuja na kuondoka kwa haraka kwenye waya mwembamba: hiyo ndiyo fizikia yote, na kwenye upepo ni hiyohiyo.

Kwenye mitambo ya zamani inayozunguka kwa kasi moja, kila panga linapopita mbele ya mnara upepo unapungua kidogo na nguvu inashuka. Rota yenye mapanga matatu inayozunguka mara 20 kwa dakika inashtua mara 1 kwa sekunde. Jicho la binadamu linasumbuliwa zaidi na mpepeso wa karibu mara 9 kwa sekunde, kwa hiyo chati ikikuonyesha kilele kwenye hezi 8 au 9, mnara hauna hatia. Tafuta tanuru la chuma au mashine kubwa za kuchomelea kwenye laini hiyo, au udhibiti wa konveta unaotetemeka. Mitambo ya sasa inayobadili kasi humeza misukosuko ya upepo kwenye mzunguko wa rota yenyewe, na mpepeso wake ni mdogo sana. Ukiwa na mitambo mipya na bado taa zinapepesa, mimi huanza na jirani.

Kinachobaki kwa mitambo mipya ni kuwashwa na kuzimwa, hasa mingi ikianza pamoja upepo unapofika kasi ya kuanzia. Dawa haina gharama: ipangie mitambo ipishane kwa sekunde kadhaa.

Viwango vya kupangia vya IEC 61000-3-7 ni Pst 0.9 na Plt 0.7 kwa msongo wa kati, na 0.8 na 0.6 kwa msongo mkubwa. Pst ni kipimo cha mpepeso cha dakika 10. Plt inakusanya Pst 12 za saa mbili. Angalia pia cheti cha mtambo. IEC 61400-21 inatoa mgawo wa mpepeso kwa pembe nne za gridi (zinazotokana na uwiano wa riaktansi na ukinzani): nyuzi 30, 50, 70 na 85. Muuzaji anapenda kukuonyesha safu moja yenye namba nzuri. Laini yetu ya kilomita 20 hapo juu ina pembe ya karibu nyuzi 49, kwa hiyo safu yako ni ya 50, hata kama haipendezi.

Jambo moja la kuchekesha: kipimo cha mpepeso kimetengenezwa kwa kuiga balbu ya zamani ya nyuzi ya wati 60. Balbu za LED zina tabia zao, nyingine ngumu kushtuka, nyingine zinashtuka na kila kitu. Mteja anaweza kulalamika kwa haki huku kipimo kikisema yote ni salama. Nenda ukaitazame hiyo taa kwa macho yako.

Dalili: kapasita zinavimba, fyuzi zinakatika, transfoma inanguruma

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, na ndipo nitakapokaa.

Hadithi ni moja kila mahali. Kituo kinatozwa faini ya pawa fakta, mtu anashauri kapasita (makopo yanayotoa nguvu riaktivu), kapasita zinafungwa, faini inaisha. Miezi inapita. Kisha kopo moja linavimba, fyuzi inakatika, inabadilishwa, inakatika tena. Fundi anasema kapasita ni feki. Pengine ni feki kweli, Kariakoo ina kila aina, lakini ukinunua orijino nazo zikavimba, acha kulaumu duka.

Kapasita na gridi kwa pamoja vina frikwensi wanayoipenda, na uchafu wa frikwensi hiyo hukuzwa. Kuitafuta ni rahisi: gawa uwezo wa shoti kwa Mvar za kapasita, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni namba ya harmoniki. Tuseme basi (nondo za kuunganishia) ya kilovoti 33 ina uwezo wa shoti wa MVA 400, na kapasita ziko hatua nne, kila moja Mvar 4. Hatua ya kwanza: 400 kwa 4 ni 100, kipeuo chake 10. Harmoniki ya 10 karibu haipo kwenye mfumo wa fezi tatu, kwa hiyo uko salama. Hatua ya pili: 400 kwa 8 ni 50, kipeuo chake 7.07. Umeangukia juu ya harmoniki ya 7. Hatua ya tatu inakupa 5.8, ambayo inapita katikati. Hatua ya nne: 400 kwa 16 ni 25, kipeuo chake 5 kamili. Umeangukia juu ya harmoniki kubwa kuliko zote zilizomo kwenye gridi.

Sasa rudisha ile namba ya chini ya uwezo wa shoti. Laini moja ikitoka kwa matengenezo na MVA zikashuka hadi 200, hatua ya pili inahama kutoka 7 hadi 5. Ndiyo maana kapasita zinakaa salama miezi mingi halafu zinaungua wiki moja, bila mtu kugusa chochote ndani ya kituo. Na usisahau kuziongeza zile Mvar 2.5 za kebo kwenye hesabu, kwa sababu kebo nayo ni kapasita, tena haina swichi ya kuizima hatua kwa hatua.

Jaribio la kuthibitisha halihitaji kifaa kipya. Simamisha mitambo yote. Washa hatua za kapasita moja baada ya nyingine huku ukitazama harmoniki ya 5 na ya 7 za volteji. Zikiruka juu kwenye hatua fulani huku mitambo imesimama, umeipata: kapasita zako zinakuza uchafu wa gridi, na mitambo ya upepo imesingiziwa. Rudia mitambo ikifanya kazi ili ujue mchango wake. Kwa kilovoti 33, kiwango cha IEEE 519 kinapendekeza jumla ya upotovu wa volteji isizidi asilimia 5, na harmoniki moja moja isizidi 3.

Tiba ya kwanza ni kujiuliza kama kapasita zinahitajika kabisa. Mitambo yenye konveta inaweza kutoa nguvu riaktivu yenyewe. Kapasita nyingi zilizofungwa kwenye vituo vya sasa zilinunuliwa kwa mazoea ya mitambo ya zamani ya jenereta za induksheni, ambazo humeza nguvu riaktivu. Zikihitajika, zifungwe na riakta mfululizo. Riakta ya asilimia 7 inashusha frikwensi ya pamoja hadi hezi 189, chini ya harmoniki ya 5, na hapo haziwezi tena kuikuza. Lakini kumbuka riakta inapandisha volteji ya kapasita yenyewe: kwenye volti 400, kapasita inaona volti 430. Aliyeweka kapasita za volti 400 nyuma ya riakta kwa kuwa "gridi ni ya 400" atarudi dukani mapema. Na usichanganye hatua zenye riakta na zisizo nayo kwenye basi moja.

Kichujio cha kielektroniki kinafaa, ila ni cha mwisho. Nimeona watu wakikinunua kufuta uchafu ambao kubadilisha mpangilio wa hatua za kapasita kungeuondoa bure.

Dalili: fezi hazilingani

Hii ni fupi. Angalia fyuzi za nguzoni kwanza, moja inaweza kuwa imekatika na hakuna aliyeona. Kisha matawi ya fezi mbili au moja ya vijijini yaliyorundikwa upande mmoja. Jenereta za induksheni huumia sana: asilimia 2 ya volteji kutolingana inaweza kuzaa asilimia 12 au zaidi ya mkondo kutolingana, na joto linafuata.

Dalili: volteji ikiporomoka kidogo, kituo kizima kinajitoa

Shoti inatokea kilomita nyingi mbali, radi imepiga laini, volteji inaporomoka kwa sehemu ndogo ya sekunde, inarudi. Mitambo inapaswa kuvumilia. Badala yake inajitoa yote, na gridi inapoteza megawati wakati ule inapozihitaji.

Anza na rilei. Konveta inaweza kuwa na uwezo wa kuvumilia volteji sifuri kwa milisekunde 150, lakini rilei ya volteji ndogo kwenye breka kuu ikawekwa kukata kwa asilimia 80 baada ya milisekunde 100. Mtambo mvumilivu nyuma ya rilei isiyo na subira. Kisha fungua kabati za umeme wa ndani wa volti 400: kontakta za pampu na feni huachia volteji ikishuka nusu, na mtambo unajizima kwa sababu feni ya kupoza imekufa, wakati konveta yenyewe haikuwa na neno. Betri za kuzungushia mapanga nazo zijaribiwe. Zikichoka, mtambo hauna hiari.

Baada ya hapo hesabu ni mara ngapi. Tarehe 28 Septemba 2016, dhoruba iliangusha laini za kusafirisha umeme huko Australia Kusini, na volteji ikaporomoka mara sita ndani ya dakika mbili hivi. Vituo tisa vya upepo vilipunguza megawati 456. Upepo haukuwa na shida. Mitambo ilikuwa na mpangilio unaoweka ukomo wa idadi ya miporomoko inayoruhusiwa kuvumilia ndani ya muda fulani, na wasimamizi wa gridi hawakuwa na habari kuwa mpangilio huo upo. Laini ya kuunganisha na Victoria ikazidiwa, ikakatika, na jimbo lote likaingia gizani. Kwa hiyo kwenye kila mtambo tafuta mpangilio huo, uandike namba yake, na umpe msimamizi wa gridi kwa maandishi.

Dalili: nguvu inacheza yenyewe, upepo ukiwa umetulia

Chati ya megawati inapanda na kushuka kwa mpigo sawasawa, mara kadhaa kwa sekunde au zaidi. Kasi ya upepo haionyeshi kitu. Hapa konveta inagombana na gridi dhaifu: inatazama volteji ili ijue la kufanya, lakini volteji hiyo inabadilishwa na konveta yenyewe.

Tarehe 9 Agosti 2019 Uingereza, radi ilipiga laini, na kituo cha baharini cha Hornsea kikashuka kutoka megawati 799 hadi 62 mara moja, kwa sababu udhibiti wake wa volteji ulianza kuyumba na mitambo ikajikinga. Vituo vingine navyo vilitoka, frikwensi ikafika hezi 48.8, na wateja zaidi ya milioni moja wakakatiwa. Tiba upande wa Hornsea ilikuwa kubadilisha programu ya udhibiti. Hakuna kilichoagizwa kwa meli.

Aina nyingine ni hatari zaidi kwa chuma. Texas mwaka 2009, laini moja ilitoka na vituo vya mitambo ya jenereta yenye konveta ya sehemu (sehemu tu ya umeme hupita kwenye konveta) vikabaki vimening'inia kwenye laini yenye kapasita za mfululizo (zilizofungwa ndani ya laini yenyewe) peke yake. Mkondo ulianza kucheza kwa frikwensi iliyo chini ya ile ya gridi, ukakua haraka, na mitambo ikaharibika. Ukiona kapasita za mfululizo kwenye mchoro wa njia yenu, uliza ni laini zipi zikitoka zitakuacha nazo peke yenu.

Kujaribu: simamisha sehemu ya mitambo. Mchezo ukiisha chini ya idadi fulani, ni gridi dhaifu. Punguza ukali wa udhibiti wa volteji kwa ushirikiano na mtengenezaji, taratibu.

Frikwensi

Wapo wanaolaumu upepo kwa frikwensi kuyumba hapa nchini. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, na mashine yake moja ni megawati 235. Mitambo mitatu ya Mufindi haiwezi kusogeza gridi hiyo. Mazungumzo hayo yatakuja na wakati wake vituo vikubwa vikijengwa.

Kuhusu vifaa

Ukifika hapa na bado unahitaji kifaa, tofautisha. Kapasita hupoteza nguvu kwa kipeo cha pili cha volteji: volteji ikishuka hadi asilimia 70, inatoa asilimia 49 tu. STATCOM (kifaa cha kielektroniki cha kutoa au kumeza nguvu riaktivu) inatoa asilimia 70, kwa hiyo wakati wa msiba ndiyo inayobaki na nguvu. Lakini STATCOM nayo ni konveta, na kwenye gridi dhaifu inaweza kujiunga na ugomvi badala ya kuusuluhisha. Kondensa ya kuzunguka, mashine nzito ya zamani isiyo na mvuto sokoni, huongeza uwezo wa shoti wenyewe. Kwa gridi yenye uwiano chini ya 3 (ule wa mwanzoni, MVA kwa megawati) mimi ningeiuliza bei kwanza.

Na kabla ya kumpigia mtengenezaji, andaa mchoro wa laini moja unaoonyesha urefu wa kila kebo, uwezo wa shoti wa chini na wa juu, orodha ya hatua za kapasita, mipangilio ya rilei na ya konveta ilivyo leo (si ilivyoandikwa siku ya makabidhiano), na rekodi ya mawimbi ya tukio yenye sekunde kadhaa kabla na baada yake. Ukimtumia picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, atakujibu kwa swali.